Kusoma Sheria Pasi na Kuwa Wakili



Siku moja baada ya swala ya alasiri, katika msikiti mmoja wa katikati ya jiji la Nairobi, alinijia mama mmoja mkaazi wa Kawangware, ameishika bahasha ya kaki kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na eda yake imekwisha. Marehemu alikuwa mzaliwa wa Lamu aliyekuja bara kutafuta riziki angali kijana. Aliacha nyumba ndogo huko Kawangware, akiba katika benki, na deni dogo kwa muuza mbao. Aliacha pia mke, binti wawili, ndugu mmoja wa baba na mama, na mama yake mzazi, kikongwe ambaye hadi leo yuko Lamu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za mirathi zilizopigwa chapa vizuri, zenye vichwa vya habari na nambari za vifungu. Zilikuwa zimerudishwa na karani wa mahakama pasi na kupokewa. Nikamuuliza ni nani aliyeziandika. Akanijibu, "Shekhe, ni kijana wa jirani. Amesoma sheria. Nimeyaona matokeo yake ya chuo kwa macho yangu." Alimlipa, tena si kidogo kwa mjane.

Nikaomba nionane na kijana huyo, naye akaja kesho yake, mwenye adabu na kalamu mfukoni. Hakuwa tapeli. Kweli alisoma sheria, masomo mawili, ndani ya shahada yake ya biashara, na moja alilipita kwa alama ya juu. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza, wala yeye hakuuliza, kuwa masomo yale yanampa nini na hayampi nini. Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu tangu siku ile nimekutana na wazazi wengi wenye ujinga uleule, na wengine wameshauza ng'ombe au kiwanja kwa ajili yake.

Karatasi zile zilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la sura, la pili ni la kiini, na hili la pili ndilo lililotaka kuvunja nyumba.

Kosa la kwanza: chini ya karatasi hapakuwa na jina wala anwani ya aliyeziandika. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, katika kifungu cha 35, inamtaka kila mwenye kuandika hati za aina hii kwa ajili ya mwengine atie jina lake na anwani yake juu ya hati, na inamwamuru msajili asiipokee hati isiyokuwa na hayo. Kijana alikiacha kifungu hicho kwa kutojua, au pengine moyo wake ulimwambia asitie jina. Sikumuuliza.

Kosa la pili ni mgao. Aliandika kwamba mke apate vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobakia maadamu yu hai, kisha mali iwe ya watoto. Mama wa marehemu hakutajwa. Ndugu hakutajwa. Nikamuuliza ameyatoa wapi haya, akanitolea daftari lake la darasani, na kweli yalikuwemo, yameandikwa kwa hati safi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kwa mtu aliyekufa bila ya wasia akaacha mume au mke na watoto. Mwalimu wake alifundisha sawa, naye akaandika sawa.

Lakini sheria hiyo haimhusu marehemu huyu. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 ikaanza kutumika mwezi wa Julai 1981, na mwanzo wake iliwakusanya Wakenya wote, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu. Waislamu waliilalamikia kwa miaka, mpaka mwaka 1990 Bunge likaongeza maneno katika kifungu cha 2, kwamba mali ya mtu aliyekufa hali ya kuwa Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Wazee wetu walioipigania ibara ile fupi wengi wameshatangulia mbele ya haki. Kijana alizaliwa baada ya hapo, akafundishwa kanuni ya jumla, na muhula ukaisha kabla ya kufika kwenye kilichovuliwa. Somo moja la sheria katika shahada ya biashara haliwezi kubeba zaidi ya hayo.

Sasa tazama mgao wenyewe. Baada ya gharama za maziko, madeni (na mahari ambayo hayajalipwa ni deni), na wasia kama upo, mali igawanywe mafungu 24. Mke ana thumni, mafungu 3. Mama ana sudusi, mafungu 4. Binti wawili wana thuluthi mbili, mafungu 16. Lililobaki ni fungu 1, nalo ni la ndugu kwa uasaba. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa hazikumwacha kikongwe nje ya mlango. Lakini habari iliyofika Lamu ni kwamba mkwewe amepeleka karatasi mahakamani na jina lake halimo. Kikongwe hakugomba. Aliacha tu kupokea simu ya mkwewe, na wajukuu wakawa wanauliza kwa nini bibi hazungumzi nao.

Kwa hivyo twende kwenye suala lenyewe: je, mtu asiyekuwa mwanafunzi wa sheria aruhusiwe kuingia madarasa ya sheria? Jawabu yangu ni ndiyo, tena aingie kwa wingi, na wanawake watangulie. Ila ajue ameingia kwa mlango gani.

Sisi tuliolelewa madrasa hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na wageni. Katika darsa za pwani yetu, iwe ni Riyadha ya Lamu au misikiti ya Mombasa, halaka ilikuwa na watu wa namna mbili. Wapo waliokaa mbele na kitabu, wakasoma Minhaj ya Imamu Nawawi mlango kwa mlango, wakasahihishwa, wakahifadhi, mpaka shekhe wao akawapa ijaza. Na wapo waliokaa nyuma, mvuvi, fundi wa mashua, muuza duka, waliokuja kusikiliza baada ya kazi. Wale wa nyuma walipata faida kubwa. Nimewaona wavuvi wanaojua mlango wa biashara kuliko wafanya biashara. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyerudi mtaani akaanza kutoa talaka na kugawa mirathi kwa kuwa alikuwa akihudhuria. Kuhudhuria ni jambo moja na ijaza ni jambo jengine, na watu walilijua hilo bila ya kuandikiwa.

Katika Nairobi ya leo milango ya kuingilia masomo ya sheria ni mingi, na kila mmoja una kanuni zake.

Mlango wa kwanza ndio ule wa kijana wetu: somo la sheria lililomo ndani ya shahada nyengine. Anayesoma biashara atasoma sheria ya biashara, mwandishi wa habari atasoma sheria ya vyombo vya habari, mhasibu atasoma sheria ya makampuni. Masomo haya ni sehemu ya fani yake, na alama zake huhesabiwa huko huko.

Mlango wa pili ni wa mwanafunzi wa kitivo chengine anayeomba akae darasani pamoja na wanafunzi wa sheria wenyewe. Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinipigia simu juu ya hili. Bintiye anasoma uhasibu Nairobi, na anataka kuchukua masomo mawili ya sheria kama masomo ya hiari. Mama alikuwa akiogopa kwamba binti anapoteza mwelekeo. Nikamwambia, "Mamangu, muache asome, lakini muulize maswali kabla ya kulipa." Je, ana idhini ya kitivo chake na ya kitivo cha sheria, kwa maandishi? Kwani vyuo kwa kawaida huwatanguliza wanafunzi wao wa sheria, na mgeni hupata nafasi ikibaki. Je, somo hilo lina somo jengine linalotakiwa litangulie? Anayeingia sheria ya ushahidi hajui mkataba wala jinai atakaa kama bubu. Je, atasahihishwa kwa kipimo cha nani? Mgeni husahihishwa kwa kipimo cha wenyeji, na wenyeji wanaandika insha za kisheria tangu mwaka wa kwanza. Je, alama itaingia katika shahada yake au itakaa pembeni? Na kubwa kuliko yote: siku akitaka kuhamia sheria, je, masomo hayo yatahesabiwa au ataanza upya? Asipopata jawabu ya maandishi, achukulie kwamba ataanza upya.

Kanuni hizi si za Kenya peke yake. Vyuo vikuu vya Marekani navyo huwaruhusu wanafunzi wa vitivo vyengine kuingia baadhi ya madarasa ya sheria kwa idhini, kwa idadi yenye mpaka, na mwisho wa safari hawawi wanasheria kwa hayo. Uingereza wamekuwa kwa miaka mingi na kozi ya mwaka mmoja ya kumgeuza mwenye shahada nyengine aingie njia ya uwakili, jambo ambalo huwachanganya vijana wetu wanaolisoma kwenye simu wakadhani na hapa liko hivyo. Hapa haliko hivyo.

Mlango wa tatu ni wa anayemaliza shahada yake ya kwanza, ya ualimu au ya uuguzi, kisha akaanza shahada ya sheria, ile iitwayo LLB. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970, kipo Parklands, na ukipita pale jioni utawaona watu wazima wenye mvi wakishuka matatu na vitabu kwapani. Hawa si wageni tena. Ni wanafunzi wa sheria kamili, na watasoma masomo 16 ya lazima yaliyowekwa na sheria ya elimu ya sheria ya mwaka 2012, kuanzia mikataba hadi sheria ya familia na mirathi. Nawaheshimu sana. Mtu wa miaka arubaini na tano anayekubali kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameshaishinda nusu ya nafsi yake.

Mlango wa nne uko Karen, upande wa magharibi wa jiji, katika Kenya School of Law. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu chuo hiki kina milango miwili ndani ya ua mmoja, na watu huichanganya.

Chuo hiki kilianza mwaka 1963. Kabla ya hapo aliyetaka uwakili katika nchi hizi alikwenda London, na asiyekuwa na nauli hakuenda. Mwaka 1961 kamati ya Uingereza chini ya Jaji Denning ilitoa ripoti juu ya elimu ya sheria kwa Waafrika, na mwaka huohuo chuo cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha sheria. Nairobi ikapata Kenya School of Law, na katika miaka yake ya mwanzo ilipokea vijana wasiokuwa na shahada ya sheria hata kidogo: walikuwa wanagenzi katika ofisi za mawakili, wakifanya kazi na kusoma kwa miaka kadhaa mpaka wakafuzu. Kwa hivyo wazee wanaosimulia kwamba "fulani alikuwa wakili bila ya kwenda chuo kikuu" hawasemi uongo. Lakini njia ile imefungwa zamani, na anayekuuzia leo habari ya njia hiyo anakuuzia tikiti ya treni isiyoondoka tena.

Leo mlango mmoja wa chuo hicho ni stashahada ya wasaidizi wa kisheria, ambayo haitaki LLB, na kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa alama zinazotakiwa anaweza kuomba. Mlango wa pili ni mafunzo ya mawakili, masomo tisa yakiwemo mashauri ya madai, ya jinai, uhamishaji wa ardhi, na mirathi na usimamizi wake. Huku haingii ila mwenye LLB inayotambuliwa. Akimaliza masomo hufanya mtihani unaosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, hukaa uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili, kisha ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingia katika Daftari la Mawakili. Na hata baada ya hapo hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka awe na cheti cha mwaka huo.

Kwenye mlango huu wa pili ndiko machozi yanakomwagika. Sheria inayosimamia chuo hicho inazungumza juu ya alama za kidato cha nne: wastani wa C+ na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Wako waliopanda ngazi kwa stashahada, wakaingia chuo kikuu kwa njia ya halali, wakamaliza LLB kwa heshima, kisha wakafika Karen wakaambiwa alama zao za kidato cha nne hazitoshi. Mashauri ya namna hiyo yamekwenda Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani mara nyingi. Kwa hivyo, mzazi, usitosheke na kauli kwamba mtoto amekubaliwa kusoma LLB. Chuo kikuu kina masharti yake na Karen wana yao. Muulize mtoto aandike barua Karen kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, na jawabu aihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Na nina neno kwa wazazi wa vijana waliokwenda Madina, Misri, Sudan au kwengineko kusoma sharia. Wakirudi huwa wamebeba elimu nzito, na mtaa mzima huwaita wanasheria. Shahada ya sharia peke yake haimfikishi mtu kwenye Daftari la Mawakili. Kama cheti chake kimechanganya sharia na kanuni, apeleke kwa Baraza la Elimu ya Sheria wakipime. Wakikitambua, alhamdulillahi, na wasipokitambua ajue mapema akiwa na umri wa kuanza upya.

Hata hivyo kuna kiti kimoja cha hakimu katika nchi hii ambacho kijana huyo anaweza kukikalia bila ya kuwa wakili. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, inamtaka kadhi awe Mwislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu ambayo Tume ya Huduma za Mahakama itaridhika nayo. Shahada ya LLB haikutajwa. Hii si huruma ya Katiba mpya, ni urithi. Makadhi walikuwepo pwani kabla ya Mwingereza, na mwaka 1963, Zanzibar ilipoiachia Kenya ukanda wa pwani, kuendelea kwa mahakama zao ni moja katika mambo yaliyowekewa ahadi. Shekhe Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu mpaka alipofariki mwaka 1947, hakuwa mtu wa vyuo vya sheria vya Kizungu. Shekhe Abdallah Saleh Farsy aliyekikalia kiti hicho baadaye alikuwa mwalimu wa skuli Zanzibar. Lakini hukumu zao zilikuwa za watu waliokaa mbele ya halaka. Na leo kadhi hana budi ajue taratibu za mahakama, namna ya kupokea ushahidi na kuandika hukumu, kwa sababu hukumu yake hukatiwa rufani Mahakama Kuu. Mambo hayo hufundishwa akiwa kazini. Ukipenda, sema kadhi ndiye mwanafunzi mkubwa wa masomo ya sheria asiyekuwa mwanasheria, naye haoni haya kusoma.

Turudi kwa kijana wa Kawangware. Alipoona nimenyamaza aliniuliza, "Shekhe, kwani nimefanya haramu?" Nikamwambia suala la haramu tutalizungumza baadaye, tuanze na la serikali. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza asiyekuwa wakili kuchukua maagizo ya mtu au kumwandikia hati za uhamishaji wa ardhi, za kuanzisha kampuni, za ushirika wa biashara, na za kuomba au kupinga usimamizi wa mirathi. Mirathi imetajwa waziwazi. Kwa hivyo alichofanya, na kukipokelea pesa, ni kosa linaloweza kumfikisha kizimbani, hata kama angegawa sawa mpaka senti ya mwisho. Rangi ilimbadilika. Daftarini mwake kifungu hicho hakikuwemo.

Lakini pia sikutaka atoke pale amevunjika moyo, kwani mtaa wake unamhitaji. Yako mengi ambayo mtu wa namna yake anaweza kuyafanya kwa halali. Anaweza kumsomea mjane barua ya benki na kumfafanulia. Anaweza kumfuatana mahakamani na kumwonyesha dirisha la kuanzia. Mbele ya kadhi mtu anaweza kujisemea mwenyewe, naye mama huyu anasema vizuri kuliko mawakili kadhaa niliowasikia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewatambua wasaidizi wa kisheria, maadamu wamesoma kozi katika chuo kilichoidhinishwa na wamepewa kibali na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Na upatanishi unaofanywa chini ya mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani mwaka 2016, hautaki mpatanishi awe wakili. Unamtaka awe amefunzwa na kuidhinishwa. Nani afaaye zaidi kupatanisha wakwe na mawifi kuliko mama mtu mzima aliyepewa mafunzo hayo? Ningependa kuona wanawake wa misikiti yetu ya Parklands, Kibra na Kawangware wakijiandikisha kwa makundi.

Hapa niseme na mawakili pia, kwa mapenzi. Kosa la kijana la kumfuta kikongwe hufanywa pia na wenye LLB. Nimeona karatasi zenye muhuri wa wakili, jina na anwani vipo, na mgao ndani yake ni uleule wa matumizi ya uhai. Mwanafunzi wa sheria Mwislamu anayepita chuoni miaka minne asijue kutoa thumni na sudusi amekaa mbele katika halaka moja na hata nyuma hakukaa katika nyengine. Na sisi masheikhe tunaogawa mirathi kwa kipande cha karatasi, tusijue kwamba benki haitatoa shilingi bila ya hati ya mahakama, hali yetu si bora sana.

Kwa mama zetu, nawaomba jambo jepesi kabla ya kumpa mtu pesa akuandikie. Muulize swali moja: "Mwanangu, utatia jina lako hapa chini?" Akisema yeye ni wakili, jina lake linaweza kutafutwa katika orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, kwenye intaneti, na mjukuu mwenye simu atakufanyia kwa dakika mbili. Akiwa ni msaidizi wa kisheria, akuonyeshe kibali. Akiwa ni mwanafunzi aliyesoma somo moja, mkaribishe chai, mshukuru, na usimpe bahasha.

Kijana alirudisha pesa zote, kwa mafungu mawili. Tulikaa naye siku tatu baada ya alasiri nikamfundisha faraidhi za mwanzo, naye akazishika upesi kuliko nilivyotaraji, kwani mtu wa hesabu haogopi mafungu 24. Sasa anauliza juu ya stashahada ya Karen. Mama wa Kawangware aliandika upya maombi yake kwa msaada wa wakili wa kujitolea, na warithi wote watano wametajwa kwa majina. Kabla ya kuyapeleka alipanda basi la Lamu na nakala mkononi, akamsomea mkwewe mstari kwa mstari. Kikongwe aliposikia jina lake alimwambia arudie mstari ule. Akaurudia. Kisha akamuuliza kama wajukuu wameshakula.